Mgomba Mbele ya Karakana

1

Mgomba ule haukuwahi kuzaa. Miaka saba ulisimama ng'ambo ya njia, mkabala na karakana yangu katika soko la Tukuyu, mbele ya kibanda kitupu ambacho hakuna aliyewahi kukipanga, na miaka saba niliumwagia maji ya vyombo kila mchana. Kwetu Rungwe maji ya vyombo hayamwagwi ovyo. Unayapeleka shinani mwa mgomba, nao siku moja unakutolea mkungu. Huu ulikunywa ukanyamaza. Mara nyingi niliusemesha, "Wewe ni mvivu kuliko mawifi zangu wote," kisha nikarudi kazini, na harufu ya kahawa inayokaangwa ilinifuata mpaka ndani. Sikuwahi kujua kahawa ile inakaangwa wapi.

Nalisema hili mwanzo kwa sababu kila nikianzia mahali pengine nashindwa kufika mwisho.

Kazi yangu ni kuwatafutia wazee nyumba mpya. Sisemi watu, nasema viongezi. Kila mtu mzima ana lenzi mbili zilizoshonewa machoni na kipuli sikioni, na ndani yake mna kivinjari anachosomea barua, anachoonea njia na kusikilizia habari. Kiongezi ni kijiprogramu kinachopachikwa humo ili kivinjari kifanye jambo ambalo watengenezaji hawakulifikiria. Vingi viliandikwa zamani kwa ajili ya Mfumo wa Tisa, na waandishi wake wameshakufa au wamechoka. Mfumo mpya ukiingia, vinakataliwa mlangoni. Hapo ndipo watu wanaponikumbuka mimi, Sekela.

Alhamisi ile, saa kumi jioni, Mfumo wa Kumi na Mbili ungeingia wenyewe machoni mwa kila mtu, na foleni yangu yote ilikuwa ya kitu kimoja: Stara.

Wasio wa kwetu niwaeleze. Kwa mila ya Wanyakyusa mke hamtazami baba mkwe wake, hasemi naye, na jina lake halitaji. Bibi zetu wakisikia kikohozi chake njiani walijitosa migombani na mizigo yao kichwani, mvua inyeshe isinyeshe. Stara ilimaliza adha hiyo. Ukiwa nayo, palipo na baba mkwe unaona mgomba, na wageni na vyombo vilivyomzunguka vinafunikwa nao. Akisogea, mgomba unafifia hapa na kuchipua pale, na Tukuyu nani ahesabu migomba? Sauti yake inamezwa, na jina lake likiandikwa linageuka ukungu. Ili mtu asije akamgonga mzee wa watu, mgomba wa Stara una utepe mwekundu shinani. Ukiuona utepe unapita mbali, kwa heshima. Wanawake elfu moja na mia nne wa wilaya hii wanaitumia, na wote niliwapachikia mimi kwa mikono hii.

Aliyeiandika ni mume wangu, Gwamaka. Aliniletea iwe zawadi ya harusi. Nilijivuna nayo mno.

2

Kukifanya kiongezi cha zamani kikubalike kwenye mfumo mpya kuna njia tatu. Ya kwanza ni kukidanganyia umri. Ndani yake kuna mstari unaosema mwisho wangu ni Mfumo wa Tisa. Unafuta tisa, unaandika kumi na mbili, basi. Enzi hizo ilitosha. Siku hizi kila kiongezi kina muhuri, na ukigusa mstari mmoja muhuri unavunjika. Njia ya pili ni mwandishi mwenyewe kuja na dole gumba lake akitie muhuri upya. Hiyo ndiyo njia ya halali, na kwa Stara ilikuwa rahisi, maana mwandishi nalala naye kitanda kimoja.

Gwamaka alikuja saa tatu asubuhi, suti imenyooka, akawasalimu wateja mmoja mmoja. Akabonyeza dole kwenye kibao cha muhuri. Kibao kikaandika: *Huyu siye mwandishi.*

Akafuta dole kwenye suruali, akabonyeza tena. *Huyu siye mwandishi.* Mara ya tatu ikawa vilevile.

"Dole limechubuka," alisema. "Juzi nilikuwa navuna viazi."

Gwamaka hajavuna hata kiazi kimoja tangu nimjue. Nilicheka. Mtu ukimpenda, uongo wake unaugeuza utani.

"Fanya ganda," akasema. Hiyo ndiyo njia ya tatu.

"Ganda ni kazi ya siku tatu, Gwamaka. Mfumo unaingia jioni."

"Wewe si ndiye Sekela? Wanawake wote hawa wanakutegemea. Ila usihangaike kuchunguza vya ndani. Lifunge tu, lipite." Akaangalia saa, akaenda zake. Nilimwona akipita karibu na ule mgomba bila kuutazama, nami nikaona ni mtu mwenye haraka.

3

Mteja wa kwanza kwenye foleni alikuwa Mama Ipyana, mama wa miaka hamsini na nane kutoka Bulyaga. Aligoma kuondoka. Baba mkwe wake ana miaka tisini, haoni vizuri, na anayemlea ni yeye.

"Namwekea sahani mbele ya utepe, nageuka," alinieleza. "Nikirudi sahani tupu. Mwaka wa nane huu, hatujakosana. Sasa wanataka nimwone kwa macho, mtu mzima mwenzangu, akiwa amedhoofika namna ile? Hapana, mwanangu. Mimi nakaa hapahapa mpaka umalize."

Alikuwa amekuja na chakula kwenye hotpoti, ndizi na maharage. Tukala. Niliosha sahani kwenye beseni, nikaliacha mlangoni na maji yake, nikasema nitamwaga baadaye, maana kazi ilikuwa imekolea.

Ganda ni nyumba ya maigizo. Kiongezi kizee hakijui kwamba Mfumo wa Tisa umekufa. Kila saa kinauuliza maswali: mwanga ni kiasi gani, mtumiaji anatazama wapi. Fundi anakijengea chumba ambamo kila swali linajibiwa kama zamani, nacho kinaendelea na kazi kikidhani dunia ni ileile. Kwa hiyo huwezi kufunga ganda bila kusikiliza maswali yote. Gwamaka angekuwa mwandishi kweli, angelijua hilo.

Nilitumia Stara yangu mwenyewe kuwa sampuli. Maswali arobaini ya kwanza yalikuwa ya kawaida. La arobaini na moja liliuliza: *wa kufichwa ni nani?* Na jibu, kutoka kwenye faili ya nyumba yetu, inayojazwa bila kugusa muhuri, lilikuwa na mistari miwili.

Mstari wa kwanza ulikuwa ukungu. Sawa, ni jina la baba mkwe wangu, sitakiwi kulisoma. Mstari wa pili nao ulikuwa ukungu. Nilipangusa kioo cha meza kwa kanga. Ukungu ulibaki.

"Mama Ipyana, samahani. Hebu nisomee mstari huu wa pili."

Akainama. Midomo yake ikacheza. Sikusikia kitu ila mvua kwenye bati.

"Rudia, mama."

Midomo ikacheza tena. Kisha akaninyooshea shingo, akinitazama usoni. "Hujasikia?"

"Sijasikia."

Akavuta kigoda, akakaa. "Mwanangu, hili si jina la ukweni kwako. Hili ni la kwenu. Ni dada yako."

"Dada yangu yuko Ndola."

"Yuko hapo ng'ambo." Aliuonyesha ule mgomba kwa kidevu. "Anakaanga kahawa. Mwaka wa saba yuko hapo."

Tumpale. Naandika jina lake sasa kwa kuwa naweza. Tumezaliwa wawili tu. Yeye ndiye aliyenifundisha ufundi, na mwezi mmoja baada ya harusi yangu alikwenda Ndola, ng'ambo ya mpaka, kikazi. Miaka miwili baadaye Gwamaka aliniletea barua iliyochapwa: nisimtafute, amenichoka mimi na ukoo mzima. Nililia mwaka, mwaka wa pili nikaacha, nikaanza kusema sina dada.

"Mbona hamkuniambia?" nilimuuliza Mama Ipyana.

"Tulikuambia. Masika ile nilikuambia dada yako anakohoa sana siku hizi. Ukanijibu huna dada. Na mumeo alipita kibanda kwa kibanda akisema mna kesi ya ukoo, tusijitie. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Basi tukalima."

"Na maji?"

"Maji gani?"

"Ya vyombo. Ninayomwaga pale."

Alijifunga kanga upya, ingawa haikuwa imelegea. "Soko zima tuliona," alisema.

Sijui watu wengine wakisalitiwa wanahisi nini. Mimi nilihisi aibu kwanza, aibu ya mtu aliyevuliwa nguo na kutembezwa sokoni miaka saba huku akijiona amependeza. Hasira ilikuja nyuma yake. Nikateremka kwenye faili. Chini ya ule mstari wa pili palikuwa na neno fupi, wazi kabisa: *utepe, hapana.* Na chini zaidi, kwenye muhuri, pale panapokaa jina la aliyeiandika Stara, palikuwa na ukungu uleule. Kwa hiyo hata zawadi ile ilitoka kwa Tumpale.

Mama Ipyana alikuwa bado ananitazama. "Na yangu?" aliuliza. "Ifungue nayo."

Niliifungua. Yake niliweza kuisoma yote, maana haikufichwa kwangu.

"Ni mistari mingapi?"

"Minne, mama."

"Baba mkwe ni mmoja."

"Ndiyo."

Mvua ilipungua ikaongezeka. Nilikuwa na majina matatu mdomoni, mawili ya wanawake na moja la mwanamume, na mkono wangu ndio uliompachikia kitu kile nikimwambia hongera mama, sasa utatembea kwa raha. Alinyanyua mkono kunizuia kabla sijafungua kinywa.

"Usinisomee," alisema. "Watu nilioishi bila wao mpaka leo, nitawafanyia nini?" Kisha, bila kunitazama: "Ganda litakuwa tayari saa ngapi?"

4

Gwamaka alirudi saa tisa na nusu. Aliona nyuso zetu, akaona kioo cha meza, akafunga mlango nyuma yake. Hakukana. Pengine angekana ningemchukia kidogo zaidi, au kidogo pungufu, sijui.

"Dada yako aliniachia nikupe, iwe zawadi yako," alisema. "Nilitaka tu kusema nimeileta mimi. Watu wakaanza kuiulizia, nikasema nimeiandika mimi. Aliporudi kutoka Ndola alikuja nyumbani. Ulikuwa kwenu Kiwira. Alitaka ujue ameiandika yeye. Nilidhani nitamficha wiki mbili, tatu, mpaka tuelewane. Halafu muda ukapita na mimi nikaogopa."

"Miaka saba, Gwamaka."

"Najua."

"Utepe uliutoa kwa nini?"

"Ungeona utepe ungejua ni mtu."

"Ningejua ni mtu nisingemmwagia maji. Ulikuwa unaniona. Ulikuja hapa mchana mara ngapi, ukaniona na beseni? Hukunizuia hata siku moja."

Alitazama sakafu. "Ungeuliza kwa nini," alisema.

Hapo nilimwelewa vizuri kuliko nilivyowahi kumwelewa katika ndoa yote. Mama Ipyana alisonya taratibu kwenye kigoda chake.

"Na hawa wengine?" nilimuuliza. "Huyu mama ana mistari minne."

"Waume zao waliomba. Mimi niliwafungulia nafasi tu, kila mtu ajaze mwenyewe." Kisha akasogea, sauti yake ikarudi kuwa ile ya kusalimia wateja. "Mke wangu, una haki ya kukasirika. Lakini tazama saa. Wanawake elfu na mia nne, wakwe zao wako mezani, wako shambani. Wote watafumbuliwa macho mara moja. Unajua aibu hiyo? Hawajakukosea kitu. Maliza ganda, yetu tutaongea nyumbani."

Ubaya ni kwamba hakusema uongo. Ganda lilikuwa limebakiza swali moja, lile la arobaini na moja. Ningeweza kujibu kama faili zinavyosema, na Mama Ipyana angeenda nyumbani akaweke sahani mbele ya utepe, na watu watatu wangebaki migomba mpaka afe. Nilifikiria kuacha mstari mmoja kwa kila nyumba na kufuta mingine. Lakini faili zilikuwa elfu moja na mia nne, dakika zilikuwa ishirini, na nani alinipa mimi kazi ya kuamua mkwe ni yupi na mtu aliyefichwa kwa hila ni yupi? Nimeamuliwa mara moja na inanitosha.

Na lilinijia wazo jingine, nalikiri. Kwenye faili yangu palikuwa na nafasi ya mstari wa tatu. Jina la Gwamaka lina herufi saba. Kidole changu kilifika kwenye ya kwanza.

Nikaufunga mstari. Kisha nikalifuta ganda lote, kazi ya mchana kutwa. Halikutoa hata mlio.

"Sekela," alisema Gwamaka.

"Mama Ipyana," nilisema, "nisamehe. Sitakuwekea tena. Majina ninayo, siku ukiyataka yako hapa."

Aliokota hotpoti yake, akavuta kanga mpaka usoni, akaacha tundu dogo la kuona miguu yake tu. "Bibi yangu alijificha kwa miguu yake mwenyewe," alisema kutoka ndani ya kanga. "Nami ninayo miguu." Akatoka kwenye mvua, akielekea Bulyaga, akipapasa njia kwa unyayo.

Nilibaki nikitazama nyuma yake. Kisha nikaizima Stara yangu, bila kungoja saa kumi.

5

Mgomba haukuondoka kwa kishindo. Uliondoka kama picha inavyoondolewa ukutani. Kibanda kitupu kilikuwa kimejaa: jiko la mkaa, kikaango cheusi, mitungi mitatu ya bati, mabenchi mawili, wateja wanne wanakunywa. Kelele zilinipiga sikioni kwa mkupuo, vikombe, kicheko cha mtu, na kikohozi. Katikati yao alikaa dada yangu kwenye kigoda, amekonda, nywele mvi mbele, anageuza kahawa kwa mwiko. Alikuwa ananitazama. Nadhani alikuwa ananitazama kila siku.

Nilivuka njia. Miguu yangu iliizoea, maana ni hatua kumi na moja, naijua hata gizani. Wateja wake waliinuka mmoja mmoja na vikombe vyao bila kuambiwa.

Alitazama mikono yangu kwanza. "Leo beseni liko wapi?" aliuliza.

Nilitazama chini, pale ninapomwaga. Palikuwa na mfereji. Mfereji mwembamba, umechimbwa vizuri, umepangwa vijiwe pande zote mbili, unaanzia mbele ya kigoda chake na kuzunguka jiko mpaka kwenye mtaro wa soko. Vijiwe vilikuwa vimeota kuvu.

"Ulichimba," nilisema.

"Mwezi wa pili tu. Yalikuwa yanazima jiko."

"Dada, sikukuona. Niliona mgomba. Gwamaka aliandika jina lako."

Mwiko ulisimama, kahawa ikaanza kuungua, naye anajua kuliko mtu yeyote kwamba kahawa haisubiri. Uso wake ulikuwa unarudi nyuma mwaka baada ya mwaka, unapanga upya kila mchana. "Mgomba," alisema mwisho. "Nilikuwa naiandika hiyo migomba nikikuwaza wewe na mzigo kichwani." Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, nami nilimshika mgongo mpaka kikaisha. Ulikuwa mgongo wa mama, mifupa mitupu.

"Kwa nini hukuondoka?" nilimuuliza. "Mtu anakumwagia maji machafu, unakaa?"

"Ningekwenda wapi? Ulikuwa unatoka kila mchana, unakuja mpaka hapa." Alionyesha mahali niliposimama. "Unasema na mimi kidogo. Unaniambia mimi mvivu kuliko mawifi zako. Kila nikikuita hukugeuka, nikajua una hasira. Nikasema heri anayekumwagia maji kuliko asiyetoka kabisa."

Saa kumi ikafika tukiwa hapo. Soko lilipunguza sauti ghafla. Muuza viazi alisimama na kipimo mkononi, akimkodolea macho mzee aliyekuwa mbele yake, kisha akatupa kipimo na kujifunika uso. Upande wa mbogamboga mwanamke mmoja alipiga yowe, nikajua hilo si la mkwe. Alikuwa anamkimbilia msichana mwenye sare ya shule, akiita jina, na msichana alikuwa anarudi nyuma.

Gwamaka alisimama mlangoni mwa karakana, suti imeloa.

Tumpale alimtazama, kisha akatazama dole gumba lake mwenyewe. "Muhuri ni wangu," alisema. "Naweza kuirudisha kesho, kwa wanaoitaka kweli, mstari mmoja, na anayeujaza awe mwanamke mwenyewe. Wewe ukitaka, kwenye mstari wako mwandike yule pale."

"Hapana," nilisema. "Nataka nimwone kila siku, na yeye ajue namwona."

Alinimiminia kahawa. Ilikuwa imeungua, na niliinywa yote. Niliporudi karakana kuchukua mkoba wangu Gwamaka alikuwa ameondoka, na beseni lilikuwa mlangoni palepale nilipoliacha, maji yamepoa, mafuta ya maharage yameganda juu. Nililibeba mpaka katikati ya njia, nikasimama nalo kwenye mvua. Sikujua pa kuyamwaga.